Sahani Ina Jina, Mlaji Hana

Magazeti yetu hupenda kumwita mtu asiyekula nyama "mla mboga", na kila ninapolikuta jina hilo najiuliza mwandishi alikuwa anamwandikia msomaji wa wapi. Msomaji wa Nairobi atalielewa. Kwake mboga ni sukuma wiki, kabichi, managu, terere, vitu anavyouza mama mboga kando ya barabara. Lakini vuka mpaka ufike Dodoma au Singida, uone neno lilelile linavyotanuka. Huko mboga ni chochote kinacholiwa kwa ugali. Mtu ananawa mikono huku akiuliza, "Leo mboga nini?" na jibu laweza kuwa mlenda, laweza kuwa dagaa, laweza kuwa mbuzi, wala hakuna anayeshangaa. Dar es Salaam neno limepanda hadi likawa kipimo cha utajiri: mtoto wa mboga saba ni yule ambaye kwao meza hujaa, na katika hizo saba kuku na samaki hawakosekani. Mwambie mtoto huyo kwamba wewe ni mla mboga. Atakujibu kwamba hata yeye, na atakuwa amesema kweli.

Watu wa Pwani wana neno lao, kitoweo, lililozaliwa na kitenzi kutowea. Kwa wengi wao kitoweo ni samaki kwanza, kisha nyama, na nyumba yenye mchicha tele uani inaweza kabisa kusema kwamba leo haina kitoweo. Kwa hiyo huku mboga inameza nyama, na kule kitoweo kinaitupa mboga nje. Anayetaka kujieleza kwa mojawapo ya maneno hayo mawili atakuwa amepotea kabla hajafungua kinywa.

Mimi niliacha nyama nikiwa mtu mzima, kisha nikaacha mayai, maziwa na samli. Nilifika mahali sikuweza tena kumtenga mnyama na nyama, na Kiswahili chenyewe hakijawahi kuyaweka mbali maneno hayo: tofauti yake ni kiambishi kimoja tu. Chakula hakikunipa shida kubwa. Nchi yenye kisamvu, matembele, majani ya maboga, mnavu, kunde, mbaazi na choroko haimwachi mtu na njaa. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanacho kisamvu hichohicho wakikiita sombe, na mchicha wakiuita lengalenga. Kilichonisumbua ni kusema.

"Sili nyama" ndiyo sentensi ya kwanza inayomjia mtu, na kwa mama ntilie inamaanisha jambo jingine. Ukisimama mbele ya masufuria yake atakutajia: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Katika hesabu hiyo nyama ni ng'ombe. Kuku ni kuku na samaki ni samaki, kila mmoja ana nafasi yake. Ukisema huli nyama, mama atakuelewa vizuri sana na kukuuliza kama akuwekee paja au kidari. Ukishika maharage, atayapakua, kisha kwa ukarimu wake atayamwagia mchuzi wa ng'ombe juu ili wali usikukabe. "Nyama sijakuwekea, mwanangu, ni mchuzi tu." Hajakudanganya hata kidogo. Nyama ni mnofu, mchuzi ni mchuzi.

Nikaanza basi kusikiliza vitenzi ambavyo watu wengine hutumia kukataa chakula, maana wanaokataa ni wengi na wamekuwepo siku zote. Niligundua kwamba Kiswahili kina hazina kubwa upande huu, na kwamba kila kitenzi hubeba mtu mwingine nyuma yake. "Nimekatazwa" humleta daktari, na anayesikia husema pole. "Nafunga" humleta Mungu pamoja na kalenda: Mwislamu wa Ramadhani na Mkatoliki wa Ijumaa ya Kwaresima wote wanajulikana watakula lini, kwa hiyo hakuna anayewabembeleza. "Nimeacha" huleta maisha ya zamani. Tunaacha pombe, tunaacha sigara, na mtu akiacha nyama watu huanza kutafuta kilichomtokea. Nimeulizwa mara nyingi kama nimekuwa Msabato. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa baadhi ya Wasabato huacha nyama kabisa na hupenda kumtaja Danieli aliyeomba yeye na wenzake wajaribiwe siku kumi bila chakula cha mfalme. Watafsiri wa Biblia ya Union walipofika kwenye kile alichokula Danieli waliandika mtama. Nauheshimu uamuzi huo. Neno la Kiebrania lahusu vitu vilivyopandwa kwa mbegu, nao hawakuhangaika kutunga istilahi ya mimea ya Babeli. Waliweka nafaka ambayo msomaji ameila.

Kuna na kususa, neno linaloumiza. Mtoto aliyekasirika husukuma sahani, na wakubwa husema amesusa. Ukiikataa nyama ya mwenyeji bila kueleza, hicho ndicho kitenzi atakachokitumia ukishaondoka. Lakini hebu kiongeze irabu moja, kiwe kususia, nacho kinageuka kuwa kitendo cha heshima, cha watu wanaogomea bidhaa kwa sababu ya dhuluma iliyo ndani yake. Asiyegusa maziwa wala mayai kwa ajili ya ndama na vifaranga anasusia. Kuanzia mtoto mwenye hasira hadi mtu mwenye msimamo, umbali wake ni silabi moja, na mwenyeji wako hawezi kujua umesimama wapi usipomwambia.

Mzio nao una hadithi. Siku hizi neno hili liko hospitalini: mtu ana mzio wa karanga, mzio wa vumbi, mzio wa penisilini. Zamani mzio ulikuwa chakula ambacho mtu haruhusiwi kula, kwa ukoo wake, kwa uganga, kwa agizo la wazee, jirani kabisa na mwiko. Waganda hadi leo huita omuziro kile kinachotambulisha ukoo, na mwenye ukoo wa Nseenene hali senene hata msimu uwe mzuri kiasi gani. Wataalamu walipotafuta neno la mwili unaokataa kitu, wakachukua lile la jamii inayokataa kitu. Walifanya vyema, lakini mtu wa namna yangu akapoteza mlango. Leo nikisema nina mzio wa nyama, nitaulizwa kama navimba.

Kitenzi nilichobaki nacho ni kutumia. "Nyama unatumia?" "Hapana, situmii. Wala kuku, wala samaki." Hili ni neno la adabu la Tanzania, linalotumika hata kwa pombe. Aliyeambiwa situmii hapati sababu wala haidai, anahamia kwenye kile ambacho mgeni anatumia. Ndani ya neno hilo mna nafasi ya watu wawili kubaki na heshima zao.

Niliihitaji nafasi hiyo zaidi nilipokuwa mgeni kijijini, upande wa Rungwe. Hapo tatizo halikuwa kula. Tatizo lilikuwa kuchinjiwa. Angalia jinsi kitenzi hiki kilivyojengwa: kuku anachinjwa, lakini mgeni ndiye anayechinjiwa. Heshima yote imekaa kwenye kile kiambishi cha kutendea, na kuku ni njia tu ya kuifikisha. Bibi mwenye nyumba alipoambiwa mapema kwamba kuku situmii, hakuuliza habari za afya yangu wala dini yangu. Aliuliza, "Sasa tukufanyie nini, mwanangu?" Alikuwa anatafuta kitenzi kingine cha kunitendea. Akanipikia ndizi na maharage, akaagiza parachichi kubwa kwa jirani, akalikata mbele yangu kwa mkono wake. Nilielewa kwamba ukiiondoa nyama ni lazima uache pengo la ukubwa uleule, ili ukarimu upate mahali pa kukaa. Anayekwenda ugenini na kusema "msijisumbue, chochote kitanifaa" anamnyima mwenyeji zaidi ya kuku.

Pwani yetu imeishi karne nyingi na watu wasiokula nyama kabisa: wafanyabiashara wa Kihindu na Kijaini waliotoka Gujarati, wale tuliowaita Mabaniani. Mpaka leo mtaa wa Kisutu hapa Dar es Salaam una mahekalu yao na vyakula vyao. Tulijifunza kwao, au kwa Wahindi kwa jumla, bajia, kachori, chapati na achari, na tukavifanya vyetu hata Mombasa ikapika bajia za kunde. Lakini jina la mtu asiyekula nyama hatukuliazima. Tulichukua sahani tukamwacha mlaji. Zamani niliona hilo kama upungufu wa lugha. Sasa naliona kama tabia yake.

Kiingereza, ambacho ndicho kinachotusukuma kutafuta istilahi, hakikuwa na jina hilo siku zote. Kabla ya karne ya 19 kuingia katikati, Wazungu walizungumza juu ya chakula cha Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Neno "vegetarian" lilienea miaka ya 1840, na chama chenye jina hilo kikaundwa Ramsgate, Uingereza, mwaka 1847. Karibu miaka 100 baadaye, Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache walitaka jina la kuwatofautisha na wale waliokuwa bado wakinywa maziwa. Walilichukua neno refu, wakabakiza mwanzo wake na mwisho wake, wakapata "vegan". Marasta walifanya jambo la aina hiyo Jamaika: waliikata herufi ya kwanza ya "vital" wakapata "ital", chakula chao cha uhai. Wote wawili walitengeneza jina la kundi na kuwaalika watu waingie ndani yake. Jina la kundi hukusanya watu, na kundi la Watson lilihitaji kukusanyika, kwa kuwa lilikuwa dogo na peke yake. Hata vitamini B12, ambayo asiyekula chochote cha mnyama hana budi kuipata kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, ilikuwa haijatengwa maabara. Hiyo ilikuja mwaka 1948.

Sina ugomvi na "vegani" kama mkopo. Inaingia kwenye ngeli bila taabu, na vijana wa mijini wanaitumia. Ila mpishi akiisikia hajui azime jiko gani. "Mla majani" naipinga kwa moyo wote: vitabu vya sayansi shuleni vimekwisha kuwapa swala na ng'ombe jina hilo, na hata kile kipande "mla" kimechakaa, kimekaa sana na mla rushwa, mla riba na mla watu.

Ninachokitaka ni tuifuate njia ya mama ntilie, tuitaje sahani. Yeye hana wali wa mtu fulani, ana wali maharage. Sema "chakula cha mimea", "mlo wa mimea", na mtu yeyote anaweza kuuagiza leo bila kula kiapo chochote, Msabato, Mhindu, mgonjwa wa jongo, Mkatoliki wa Ijumaa au mtu ambaye mshahara umechelewa. Mwanabiolojia atasema uyoga si mmea, naye yuko sahihi, lakini uyoga unaota na mpishi hatachanganyikiwa.

Mahali pengine hatuhitaji hata kutunga. Mwaka 2017 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vinywaji vya soya na mfano wake visiuzwe kwa jina la maziwa, ila kwa majina machache yaliyoruhusiwa tangu awali, likiwemo la nazi. Sisi shauri hilo lilikwisha zamani, jikoni. Nazi ikikunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa hutoa tui, na la kwanza lililo zito tunaliita kasimile. Hakuna bibi wa Pwani aliyewahi kulichanganya tui na maziwa. Halafu naingia dukani nakuta paketi imeandikwa "maziwa ya nazi", na kando yake "maziwa ya soya", "maziwa ya lozi", kana kwamba neno letu limekufa. Tuseme tui la soya. Tuseme tui la korosho, hasa sisi ambao korosho zinatoka kwetu Mtwara na Lindi. Kitu kinakamuliwa kutoka kwenye mbegu, jina lake lipo.

Vilivyobaki ni vile vinavyojificha. Kisamvu cha nazi, mbaazi za nazi, mchicha wa karanga: kiunganishi kimekwisha kusema kila kitu. Chapati haisemi imekandwa kwa samli au kwa mafuta ya alizeti. Pilau haisemi mchele umechemkia ndani ya supu gani. Mlenda haujataja dagaa waliotwangwa. Wenye migahawa wakiongeza neno moja kwenye ubao wao, pilau ya samli, chapati ya alizeti, mlenda wa dagaa, nami nitaacha kumuuliza mpishi maswali mengi wakati foleni nyuma yangu ina njaa.