Mtungi mbaya wa kusagia huharibu matokeo ya maabara

MATOKEO ya uchunguzi wa udongo, mawe au nafaka huweza kuvurugika hata kabla ya sampuli kufikishwa kwenye mashine ya kupimia. Kisababishi huwa ni chombo ambacho wengi hawakishuku: mtungi wa kusagia.

Katika kinu cha gololi, sampuli hutiwa ndani ya mtungi pamoja na gololi, kisha mtungi ukazungushwa kwa kasi. Gololi hugongana na kukwaruzana hadi kilichomo kiwe unga laini. Kazi hii haiepukiki, kwani maabara huweza kupima gramu moja tu, au hata chini yake, kutoka kwa mfuko mzima wa udongo. Gramu hiyo haitawakilisha mfuko iwapo udongo haukusagwa na kuchanganywa sawasawa.

Hata hivyo, kinu hakisagi sampuli pekee. Ukuta wa mtungi na gololi zenyewe hulika polepole, na chembe zake huingia katika unga unaokwenda kupimwa.

Uzito wa jambo hili hudhihirika pale vipimo vinapogeuka kuwa ushahidi. Katika kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mahakama iliamuru mnamo Julai 2020 walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mzozo huo ulifika hadi Mahakama ya Juu. Katika mashauri ya aina hiyo, takwimu ya maabara haistahili kuachwa na mwanya wa kutiliwa shaka.

Kinachotafutwa ndicho huamua

Swali la kwanza kwa mnunuzi si bei, bali ni madini gani yatakayopimwa. Chuma cha pua ni imara na hakivunjiki ovyo, lakini huacha chembe za chuma, kromi na nikeli. Anayechunguza kromi katika udongo ulio karibu na kiwanda cha ngozi hafai kukitumia, asije akapima mtungi wake badala ya shamba la mkulima.

Kabaidi ya tungsteni ni ngumu mno na husaga mawe kwa haraka. Walakini, aghalabu hushikanishwa kwa kobalti, hivyo huongeza tungsteni na kobalti katika sampuli. Alumina nayo huongeza alumini.

Akiki ni jiwe ambalo karibu lote ni silika. Hupendwa kwa kupima madini yapatikanayo kwa kiasi kidogo sana, mradi kinachotafutwa si silika yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba hupasuka likianguka au likipashwa joto kwa ghafla. Halifai kukaushwa ndani ya tanuri lenye moto mkali.

Zirkonia huwa chaguo la wastani. Hulika kidogo, haina chuma wala kromi ya kuhofiwa, na ni nzito kuliko akiki.

Ugumu na uzito

Mtungi hauna budi kuwa mgumu kuliko kinachosagwa, la sivyo utasagika wenyewe. Uzito wa gololi pia una maana, kwa kuwa gololi nzito hugonga kwa nguvu zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya akiki ina takriban gramu 2.6, zirkonia gramu 6, chuma gramu 7.8, nayo kabaidi ya tungsteni hukaribia gramu 15. Ndiyo maana akiki huchukua muda mrefu kusaga kitu kigumu.

Aidha, mtungi na gololi ziwe za aina moja. Zikitofautiana, kilicho kigumu hula kilicho laini, na uchafu wa aina mbili huingia katika sampuli.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya kawaida ni thuluthi moja gololi, thuluthi moja sampuli, na thuluthi iliyobaki iachwe wazi. Mtungi mkubwa wenye sampuli kidogo huziacha gololi zigongane zenyewe, hivyo mtungi huchakaa upesi. Usagaji wa muda mrefu nao huzalisha joto na shinikizo. Ni busara kupumzisha kinu, na kuuacha mtungi upoe kabla ya kufunguliwa.

Maabara yenye bajeti finyu inaweza kuanza na mitungi miwili: wa chuma kwa kazi za kawaida, na wa zirkonia au akiki kwa madini adimu.

Njia ya kuuhakiki mtungi wowote ni kusaga mchanga safi wa kwatzi ambao madini yake yanajulikana, kisha kuupima kama sampuli nyingine. Madini yatakayoonekana kuzidi yale ya awali yatakuwa yametoka kwa mtungi, gololi, au mabaki ya sampuli iliyotangulia. Kipimo hicho kikifanywa mara kwa mara na kuandikwa, maabara huwa na la kujibu siku itakapoulizwa.