Njia za Kupunguza Mahitaji ya Damu katika Upasuaji wa Mifupa

Mfupa wa paja ukivunjika, majeruhi anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Wengi wa majeruhi hao, wakiwamo wa ajali za bodaboda, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C pamoja na kaswende. Damu hiyohiyo inasubiriwa na wazazi waliotokwa damu, watoto wenye malaria kali na wagonjwa wa selimundu, ambao Kanda ya Ziwa ni wengi.

Hatua yenye tija kubwa hutangulia upasuaji. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuwa hemoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Kando ya ziwa chanzo chake si lishe pekee. Kuna malaria, minyoo na kichocho. Kumpa mgonjwa vidonge vya madini ya chuma huku minyoo ikiachwa ni kutia maji kwenye pakacha. Kwa upasuaji wa kupangwa, vipimo hivyo vifanyike wiki kadhaa kabla.

Ipo pia asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 ulionesha kuwa hupunguza vifo, mradi itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia. Kwa majeruhi anayevushwa kwa kivuko kutoka Ukerewe, muda huo unaweza kuishia majini, hivyo inafaa aipate kabla ya safari.

Baada ya upasuaji, mgonjwa aliyetulia haongezewi damu kwa mazoea. Utafiti wa Marekani na Canada uliochapishwa mwaka 2011, kwa wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, haukuona faida ya kuongeza damu hemoglobini ikiwa chini ya 10 badala ya kusubiri ishuke chini ya 8. Kipimo hicho hakimhusu anayeendelea kutokwa damu. Huyo huongezewa mara moja.

Mgonjwa anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari mapema, wala asiziache bila maelekezo.