Bei ya Kuvuka Mpaka: Historia ya Romingi Afrika Mashariki

Romingi, yaani utaratibu unaomwezesha mteja wa kampuni moja ya simu kutumia minara ya kampuni nyingine akiwa nje ya nchi yake, ilikua pamoja na mfumo wa GSM, uliobuniwa Ulaya katika miaka ya 1980 ili mitandao ya nchi mbalimbali ielewane. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa romingi katika mfumo huo ulifungwa mwaka 1992 kati ya Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza, na tangu hapo bei ya huduma hii imetegemea mapatano ya makampuni kuliko umbali ambao sauti au data husafiri. Ni mikoa michache duniani inayolidhihirisha jambo hilo kama Afrika Mashariki.

Kila laini hubeba namba ya utambulisho inayoanza na tarakimu tatu za nchi: 639 kwa Kenya, 640 kwa Tanzania, 641 kwa Uganda. Mkenya anapovuka Namanga, simu yake hushika mnara wa Tanzania, na mtandao mwenyeji, baada ya kuzisoma tarakimu hizo, huuliza mtandao wa nyumbani iwapo laini ni halali, kisha humsajili kama mgeni. Matumizi yake huwekwa katika kumbukumbu zinazopelekwa kwa kampuni ya nyumbani, nayo hulipa bei ya jumla iliyokubaliwa na kumtoza mteja bei ya juu zaidi. Kupokea simu nako kulilipiwa, kwa kuwa simu iliyopigwa Nairobi kumtafuta Mkenya aliyeko Arusha iliingia kwanza katika mtandao wake wa Kenya, ikarushwa Tanzania kama simu ya kimataifa, na gharama ya kipande hicho cha pili ikamwangukia mpokeaji. Isitoshe, huduma yenyewe kwa muda mrefu iliwalenga wateja waliolipa ankara mwisho wa mwezi, ilhali Waafrika Mashariki walio wengi walitumia vocha; ndiyo maana wafanyabiashara wa mipakani walizoea kubeba laini mbili au tatu na kuzibadilisha kila walipovuka.

Mnamo Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim mwaka 1998, iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika mpango wa One Network, ambao ulifuta malipo ya kupokea simu, ukamruhusu msafiri kupiga kwa bei za wenyeji na kuongeza salio kwa vocha za nchi aliyomo. Mpango huo haukuhitaji uvumbuzi mkubwa wa kitaalamu: Celtel ilimiliki mitandao katika nchi zote tatu, hivyo bei ya jumla, iliyokuwa kiini cha ughali, ikageuka hesabu za ndani. Washindani wake, Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda, walijibu kwa mpango wao wa Kama Kawaida. Umoja wa Ulaya, ulioanza kudhibiti bei za romingi mwaka 2007, ulifuta nyongeza za romingi Juni 2017 tu, na inastahili kusemwa wazi kwamba wasafiri wa mipaka ya Busia na Namanga waliitangulia Ulaya kwa takriban miaka kumi.

Serikali zilifuata baadaye. Kuanzia mwishoni mwa 2014, nchi za Ushoroba wa Kaskazini, zikiwamo Kenya, Rwanda na Uganda, zilianza kutekeleza Eneo Moja la Mtandao, ambamo kupokea simu kulikuwa bure na kupiga hakukupaswa kuzidi senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania, isiyokuwa katika ushoroba huo, haikuingia mwanzoni.

Faida hizo zote zilihusu sauti kwanza, nayo data ikabaki nyuma. Mipango ya Celtel na washindani wake ilitangulia nyaya za baharini zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, nayo ilianza wakati ambapo intaneti ilitegemea zaidi setilaiti na matumizi yake kwenye simu yalikuwa madogo. Kwa kawaida data ya msafiri hurudi nyumbani kwanza: Mkenya aliyeko Kigali anapofungua ukurasa, ombi lake hupelekwa kwenye mtandao wake wa Kenya, huko ndiko linakoingia intaneti, na jibu hufuata njia hiyo hiyo. Simu ya kisasa nayo husasisha programu na kupakua picha bila mwenyewe kuigusa, na mkazi wa mpakani ambaye simu yake imenasa mnara wa ng'ambo huweza kutozwa pasipo kuvuka popote. Ulaya iliona hatari hii mapema, ikaagiza mwaka 2010 kwamba data ikatwe gharama inapofikia euro 50, isipokuwa mteja amechagua kiwango kingine.

Njia ya zamani ya kununua laini ya pili nayo imekuwa ngumu, kwani tangu 2019 Tanzania inasajili laini kwa alama za vidole, na mgeni hutakiwa kuonyesha pasipoti. Mchuuzi anayevuka asubuhi na kurejea jioni kwa hati ndogo ya kusafiria hana budi kuitegemea laini ya nyumbani, na hivyo bei ya megabaiti nje ya nchi, ambayo makampuni yaliweza kuipuuza mwaka 2006, sasa huingia moja kwa moja katika hesabu ya biashara yake.