Hadithi Iliyozaliwa na Msiba

Wasikilizaji wangu, wahenga walisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Jioni hii nitawasimulia habari za mama mmoja wa Uingereza aliyeuonja uchungu huo, akaupatia njia kwa kalamu.

Mama huyo ni Elizabeth Gaskell, aliyezaliwa mwaka wa 1810. Mumewe, William, alikuwa mhubiri katika Manchester, mji wa viwanda vya pamba. Mwezi wa Agosti 1845 mtoto wao wa kiume, asiyetimiza hata mwaka mmoja, alishikwa na homa ya vipele vyekundu akafa. Mama akazama katika majonzi. Yasimuliwa kwamba mumewe ndiye aliyemshauri atunge hadithi, ili moyo upate kazi nyingine isiyokuwa kulia.

Akatunga. Walakini hakuandika habari zake mwenyewe. Aliwatazama wafumaji wa mji ule, ambao kazi ilipokosekana walilala na njaa, akamtunga mtu mmoja, jina lake John Barton. Huyu naye ana mtoto wa kiume, mgonjwa wa homa iyo hiyo. Daktari asema mtoto apewe chakula chema, lakini baba hana kazi wala fedha. Asimama mbele ya duka lililojaa vyakula, amwona mke wa tajiri wake wa zamani akitoka na vitu vya karamu. Arudipo nyumbani, mtoto amekwisha kufa.

Chuki ikaota moyoni mwa Barton, hata baadaye akamwua mwana wa mwenye kiwanda aitwaye Carson. Mwishowe baba hao wawili, kila mmoja amefiwa na mwanawe, wakutana. Carson amsamehe, na Barton afa mikononi mwake.

Kitabu hicho, Mary Barton, kilitolewa Oktoba 1848. Wenye viwanda wengine walikichukia, wakisema wameonewa. Lakini kilisomwa sana.

Je, mama alipona? Mwaka ule ule alimwandikia rafiki yake kwamba jeraha lile halitapona hapa duniani. Basi hadithi haikumfuta mtoto moyoni mwake. Ilimpa jambo jingine: uchungu uliokuwa wake peke yake ukawa macho ya kuuona uchungu wa jirani. Na msomaji aliyefiwa, akimlilia mtoto wa Barton, hupata ruhusa ya kumlilia wake.

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mwenye huzuni asiyeweza kusema, na aandike. Asiyeweza kuandika, na asome. Kwaherini.