Uthabiti na Udhibiti

uthabiti *nm* [u-]. Udhibiti *nm* [u-]. Asili: Kiarabu. *Th* hutamkwa kama katika *thelathini*. *Dh* kama katika *dhahabu*.

Maana. Uthabiti ni sifa ya kitu kisichoyumba. Udhibiti ni tendo la kukizuia au kukiongoza. Kitu huwa thabiti chenyewe, lakini hudhibitiwa na kingine.

Katika sayansi. Ndani ya kinu cha nyuklia, kiini cha urani kinapopasuka hutoa nyutroni zinazopasua viini vingine. *Udhibiti* hufanywa kwa fito zinazofyonza nyutroni: zikishushwa, nguvu hupungua, zikiinuliwa, huongezeka. Kazi hiyo huwezekana kwa kuwa nyutroni chache, zisizofikia moja katika mia, huchelewa kutoka, na hivyo kuwapo nafasi ya kuitikia mabadiliko. *Uthabiti* ni tabia ya kinu kujirudi bila kuguswa. Katika vinu vingi vinavyotumia maji kupunguza mwendo wa nyutroni, maji yakigeuka mvuke mipasuko hufifia yenyewe.

Mfano. Kinu namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1986, kilipunguza mwendo wa nyutroni kwa grafiti. Maji yalikuwa ya kupoozea, nayo yalifyonza baadhi ya nyutroni. Maji yalipogeuka mvuke, nyutroni zilizosalia ziliongezeka na nguvu ikapanda. Kinu hicho hakikuwa thabiti kilipoendeshwa kwa nguvu ndogo. Fito nyingi zilikuwa zimeinuliwa. Ziliposhushwa kwa dharura, sehemu za grafiti zilizotangulia chini yake zilizidisha mipasuko kabla ya kuizuia.

Tanbihi kwa wafasiri. Maneno haya hayabadilishani nafasi. *Waendeshaji walishindwa kukidhibiti kinu* huelekeza lawama kwa watu. *Kinu kilikosa uthabiti* huielekeza kwenye muundo. Tofauti hiyo ina historia: ripoti ya mwaka 1986 ya washauri wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ilisisitiza makosa ya waendeshaji, ilhali ile ya mwaka 1992 iliweka uzito zaidi kwenye kasoro za muundo. Mfasiri anayeteua neno lisilofaa huhamisha lawama bila kukusudia.

Usichanganye na *thibitisha*, yaani kuhakikisha ukweli wa jambo: *Wahandisi walithibitisha kwamba nguvu ya kinu imedhibitiwa.*

Linganisha: imara, uimara, zuia, ongoza.