Sehemu ya 6: Juliana Rotich na programu zisizotiwa kufuli

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu, sikilizeni. Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza: "Nesi, huyu mhudumu wa afya wa shehia anapokuja na simu yake, mambo ninayomwambia yanakwenda wapi?" Swali zuri. Kulijibu, twende kwanza Kenya.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, vurugu zikalipuka na serikali ikazuia matangazo ya moja kwa moja. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Hebu fikiria mwanao yuko Kisumu na redio haikwambii kitu. Mwanasheria Ory Okolloh akaandika kwenye blogu yake, mapema Januari: hakuna mafundi wa kompyuta wa kututengenezea ramani ya haya yanayotokea? Walioitikia ni pamoja na Erik Hersman, David Kobia na huyu dada ninayetaka umjue, Juliana Rotich.

Juliana kazaliwa 1977, kasomea kompyuta Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City. Yeye na wenzake wakaitengeneza ile ramani kwa siku chache tu. Unatuma ujumbe wa simu, tukio linaonekana pale lilipotokea. Wakaiita Ushahidi, Kiswahili chetu hichohicho.

Sasa hapa ndipo pananigusa. Hawakuifungia. Ukinunua mkate wa kumimina dukani unakula, unakwisha. Lakini bibi akikupa vipimo vyake, utapika, utapunguza sukari, utamfunza na jirani. Programu huria ndiyo hiyo ya vipimo: maandishi yanayoiendesha yako wazi, yeyote ayachukue ayarekebishe. Tetemeko lilipoipiga Haiti, Januari 2010, watu waliichukua ileile ya Nairobi wakaweka kwenye ramani maombi ya msaada. Japani nao 2011. Juliana aliiongoza Ushahidi miaka kadhaa, na 2019 Wajerumani wakampa Tuzo ya Afrika.

Humo ndani ya Ushahidi ndimo ilimozaliwa BRCK, 2013, kiboksi cha intaneti chenye betri yake ili umeme ukikatika kazi isisimame. Wenye umri wangu hapa Unguja hilo halihitaji maelezo, tulikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010!

Mimi nayapenda haya kwa sababu yameniuma. Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani (jina silitaji) tuliletewa programu ya kusajili wajawazito. Ya kulipia. Mradi ukaisha, leseni ikaisha. Asubuhi moja tunawasha kompyuta, inatudai pesa. Nani ana presha, nani damu yake ndogo, nani kashapasuliwa, yote yamo humo na hatuyafikii. Tukarudi kwenye daftari, kukisia. Mmoja alikuwa mimba ya saba na kovu la operesheni, tarehe zake zimekaribia. Tulimpata kwa sababu tu shangazi yake anauza ndizi pale nje. Asingekuwa anauza ndizi je?

Siku hizi hali si ileile. Ripoti za mwezi za vituo vyetu zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayotunzwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Na simu za wahudumu wa Jamii ni Afya nazo zinatumia programu huria. Mfadhili akiondoka, hakuna wa kutufungia mlango kwa ufunguo wake. Huria si bure lakini, msidanganyike. Bado panatakiwa fundi, umeme, vocha, na mtu wa kulipwa mshahara.

Basi mama uliyeuliza: kilicho wazi ni vipimo vya mkate, si mkate wako. Majina yako, mimba zako, vipimo vyako vya damu vinatakiwa vikae nyuma ya nywila, vionwe na wanaokuhudumia tu. Ukiona mhudumu kaacha simu yake wazi barazani watoto wanaichezea, mwambie. Akinuna, njoo uniambie mimi.

Sehemu ya 7 Jumapili inshallah, nikitoka zamu ya usiku.