Motokari fupi, magurudumu makubwa: historia ya mapine yanayoguza

Leo sitaongea juu ya udongo wala juu ya mbegu, ingawa njo kazi niliyosomea. Nitaongea juu ya sauti moja. Kama umepanda taksi hapa Bukavu ikiwa imejaa watu, unaijua: shofere anakata kona, gurudumu linaanguka ndani ya shimo, na chini ya miguu yako unasikia "krrrr". Shofere anasema: "Haina shida, ni pine tu inaguza."

Mimi niliisikia sauti ile mwaka 2022, tukitoka Walungu na magunia ya viazi, mbele kidogo ya kufika Panzi. Tulikuwa watatu, wote tumemaliza agronomia. Tulikuwa tumeweka pamoja feza ya likelemba ya miezi kumi na nane na kununua motokari ya mukono wa pili, ya kupeleka mbegu kwa wakulima na kurudisha mavuno mjini. Ilifika kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, nzuri ya kuangalia: fupi, karibu ilale chini, na janti za inchi 17 zenye kungaa. Tulijisikia wakubwa. Wiki ya sita pine la mbele lilipasuka. Sitasahau namna mwenzangu alivyoshika usukani kwa mikono miwili, na upande wa kushoto hakukuwa ukuta, kulikuwa bonde. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku ile nilitaka kujua: kwa nini pine linaguza? Jibu lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka mia.

Tuanzie na mupira wenyewe. Mwaka 1888, kule Belfast, daktari wa mifugo kwa jina John Boyd Dunlop alipata hati ya mupira wa kujazwa hewa, kwa ajili ya baiskeli. Ulaya yote ikataka mipira. Na mipira ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya balaa iliangukia kwetu. Kongo ilikuwa mali ya Leopold II tangu 1885, na watu wa vijiji vya msituni walilazimishwa kukata mimea ya kutambaa ya Landolphia na kutoa utomvu wake, kwa kiboko, kwa mateka, kwa mikono kukatwa. Mashamba ya Hevea ya Asia yalichukua soko baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pine ni kitu cha wazungu, mukumbushe kwamba babu zetu walililipia mbele ya kulitumia.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mwaka uleule, Marekani, Henry Ford alitoa motokari yake ya Model T. Iangalie ndani ya picha: iko juu, magurudumu membamba na marefu kama ya gari la farasi, mapine ya inchi 30, ni kusema zaidi ya milimita 760. Ford hakufanya vile kwa urembo. Njia za mashambani za Marekani wakati ule zilikuwa potopoto tupu, kama njia zetu za mwezi wa nne. Gurudumu refu linapita juu ya shimo, gurudumu fupi linaanguka ndani. Wafaransa nao, wakati Citroën ilipotayarisha 2CV iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, waliwaza mkulima: ilitakiwa ipite katikati ya shamba lililolimwa na kikapu cha mayai, bila yai kupasuka. Ninapenda sana hadithi ile. Injinia alianza kwa kuuliza njia na mzigo, kisha njo akachora gurudumu.

Halafu kaburimbo ikaenea kule kwao, na magurudumu yakapungua. Mwaka 1959 Waingereza walitoa Mini yenye janti za inchi 10 tu. Kwa nini? Ju gurudumu dogo halili nafasi ya watu, na njia ilikuwa laini. Wakati huohuo Michelin, iliyopata hati ya pine la radial mwaka 1946, ilikuwa imebadilisha namna ya kupanga nyuzi ndani ya mupira. Pine la radial linashika njia vizuri kuliko la zamani, na ndilo lililofungua mlango wa mapine yenye ubavu mfupi: mupira mwembamba juu ya janti kubwa. Janti ikikua, kuna nafasi ya breki kubwa ndani. Ubavu ukifupika, motokari haiyumbi kwenye kona. Ndivyo janti zilivyoanza kukua tena, safari hii si kwa ajili ya mashimo, bali kwa ajili ya mbio na uzuri.

Na huku kushusha motokari kulitoka wapi? Kulitoka kwa vijana, kama sisi. Nyuma ya vita ya pili ya dunia, vijana wa asili ya Meksiko katika California walianza kutia mifuko ya mchanga ndani ya buti, na wengine kukata resori, ili motokari itembee chini na polepole, watu waione. Serikali haikupenda. Tangu 1958 sheria ya California ilikataza motokari iliyobadilishwa kuwa na bodi iliyo chini kuliko ukingo wa janti. Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, akajibu kwa akili: alifunga pampu za mafuta za ndege, motokari ikapanda akiona polisi na kushuka polisi akipita. Katazo lile liliondolewa rasmi kuanzia 2024 tu. Japani nako, miaka ya 1970 na 1980, vijana walikuwa na mtindo wao wanaouita shakotan, maana yake motokari yenye kimo kifupi. Lakini ukaguzi wa Japani ni mkali: chini ya motokari na barabara lazima pabaki sentimita 9. Sentimita 9, ndugu zangu! Hapa kwetu kuna mawe ya sentimita 15 katikati ya avenue.

Ukaguzi huohuo wa Japani unafanyika kila miaka miwili motokari ikishapita miaka mitatu, na unaenda na malipo mengi. Wengi wanaona bora kuuza. Motokari zinapanda meli, zinashuka Mombasa au Dar es Salaam, zinapita Kigali, zinavuka Ruzizi, na kufika Bukavu zikiwa bado na usukani upande wa kuume, wakati sisi wenyewe tunaendesha upande wa kuume. Na katikati yake kuna zile ambazo kijana fulani wa Japani alishazishusha kwa resori fupi na kuzivalisha janti kubwa. Yeye alikuwa na kaburimbo ya kuteleza. Sisi tuko mita 1,500 juu ya bahari, mji wa miteremko, mvua kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano. Ukishuka Ngomo kwenda Kamanyola, unapoteza zaidi ya mita 500 za kimo, kona juu ya kona. Motokari ile haijakosa kitu. Iko tu mbali na njia yake.

Sasa nirudi kwetu. Motokari yetu, kiwandani, ilipewa mapine 195/65R15. Namba hizi si mapambo. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, ni kusema asilimia 65 za ule upana. R ni radial. 15 ni inchi za janti. Ukipiga hesabu, gurudumu lote lina milimita 634 na nusu, kutoka chini hadi juu. Mjapani aliweka 215/45R17: janti kubwa, ubavu mfupi, jumla milimita 625. Unaona akili yake? Janti imekua inchi mbili, lakini gurudumu halikukua. Njo sababu kwake halikuguza.

Kwetu, ubavu ule mfupi haukuvumilia mashimo. Janti mbili zilipindika mwezi wa kwanza. Tukaenda kwa fundi. Akatuambia: "Bayaya, hizi pine ziko kama karatasi. Nitawatilia zenye bega, motokari itapanda, mutanishukuru." Akafunga 215/55R17. Tukamushukuru kweli, tukalipa, tukapiga picha.

Hesabu niliyofanya nikiwa nimechelewa ni hii. Gurudumu jipya lilikuwa na milimita 668. Liliongezeka milimita 43. Lakini motokari inapanda nusu tu ya zile, karibu milimita 21, ju ekseli iko katikati ya gurudumu. Nusu nyingine inapanda juu, kuelekea bati. Resori zilikuwa zilezile fupi. Kwa hiyo tulipata milimita zile chache chini ya motokari, na tukazipoteza palepale gurudumu linapohitaji kupumua. Halafu tia watu watatu na magunia, halafu shuka mteremko ukishika breki ili pua ya motokari iiname, halafu kata kona. Ukingo wa bati uko kama kisu. Ulikata ubavu wa pine kidogo kidogo, "krrr" kwa "krrr", hadi siku ile.

Tulikuwa na lisanse tatu ndani ya motokari moja, na hakuna hata mmoja aliyechukua mita. Sisi, ambao hatupandi kabeji bila kupima nafasi kati ya miche! Ndiyo maana siwezi kumutupia fundi makosa yote. Yeye alituuzia alichotuona tunataka.

Kwa yule anayetaka kabisa kubaki na motokari fupi na magurudumu makubwa, inawezekana. Nimejifunza kwa mafundi wenye kupima, na mambo ni haya.

Kwanza, angalia jumla ya gurudumu, si janti peke yake. Mafundi wengi wanashauri isipite asilimia 3 juu au chini ya ile ya kiwandani. Yetu ilipita asilimia 5. Tena gurudumu likikua, saa ya mwendo inadanganya: inaonyesha 60, wewe uko 63.

Pili, soma herufi ET nyuma ya janti. Namba inayofuata inasema, kwa milimita, fasi janti inapokaza boliti iko mbali kiasi gani na katikati ya upana wake. ET ndogo inasukuma gurudumu nje, kubwa inalivuta ndani. Ukitoka kwenye janti ya upana wa inchi 6.5 yenye ET45 kwenda kwenye ya inchi 7.5 yenye ET35, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 23, na wa ndani unasogelea amotisere karibu milimita 3. Inchi zilezile za kimo, na bado itaguza.

Tatu, jua fasi inapoguza. Paka chokaa au udongo mwepesi kwenye ukingo wa bati na kwenye plastiki ya ndani, tembeza motokari, kisha tazama palipofutika. Ikiguza plastiki ya mbele wakati wa kukata kona, tatizo ni kimo cha pine au upana. Ikiguza ukingo wa bati wakati wa mzigo, tatizo ni resori au ET. Ikiguza amotisere, gurudumu liko ndani mno. Ukingo wa bati unaweza kukunjwa ndani kwa kifaa chake, bati ikitiwa moto kidogo ili rangi isipasuke. Kuukata kwa msumeno ni kualika kutu.

Nne, na hii njo kubwa: jaribu ikiwa na mzigo. Usukani ukate mpaka mwisho kuume, mpaka mwisho kushoto, watu wakikaa nyuma, gurudumu moja juu ya jiwe. Motokari isiyoguza ikiwa tupu mbele ya garaji haijathibitisha kitu. Kwetu hakuna motokari inayotembea tupu.

Sisi tuliuza janti za 17. Tulitafuta resori za kimo cha kiwandani, za mukono wa pili, na tukarudi kwenye 195/65R15. Picha hazipendezi tena. Lakini magunia yanafika, na mama mmoja wa Walungu, ambaye siku ile tulimucheleweshea mbegu hadi mvua ya kwanza ikapita, ameanza tena kutuamini. Ilichukua misimu miwili. Pine tulilinunua kwa siku moja.

Ford alianza na potopoto ya Marekani. Citroën ilianza na mayai ya mkulima. Kijana wa California alianza na barabara ya mtaa wake, na yule wa Japani na sentimita zake 9. Kila mmoja alipima njia yake mwenyewe. Sisi tunapokea vitu vilivyopimwa kwa njia za wengine, motokari, mbegu, hata programu za masomo, na tukisikia "krrrr" tunasema haina shida. Ndugu, ukisikia sauti ile, simamisha motokari. Shuka na mita mukononi.